Chuchu ya Tano ya Asumini

Saa kumi na mbili asubuhi, Thuwaiba Shaib amechutama kando ya ng'ombe mwekundu zizini kwake, Mwera, wilayani Pangani. Akimaliza kukamua anafuta mikono kwenye kanga, anafungua daftari na kuandika: Asumini, lita tatu na nusu.

"Nisipoandika sasa hivi, ikifika adhuhuri nimeshasahau," anasema. "Kichwa changu hiki kina matundu."

Ana ng'ombe kumi na sita. Idadi hiyo anainong'ona, maana mama mkwe wake, Bi Kijakazi, ameketi jamvini hatua chache tu, na kwa Bi Kijakazi mifugo haihesabiwi. Ukiihesabu, kijicho kimeingia zizini.

Ndiyo sababu mwaka jana, afisa mifugo Sabiri Hija alipopita kusajili ng'ombe na kuwavisha hereni za namba, wanne walifichwa kwenye minazi. Asumini alikuwa mmoja wao.

"Nilimwambia Bwana Sabiri wapo kumi na mmoja, tena namtazama usoni," Thuwaiba anakiri huku akicheka kwa aibu.

Miezi miwili baadaye Asumini, akiwa na mimba ya kwanza, alipotea malishoni. Siku ya nne alionekana kijiji jirani, amefungwa nje ya ofisi ya kijiji. Mfugaji wa huko, Ernesti, alikuwa ameshamdai. Naye alipotelewa na mtamba mwekundu, na aliapa kwa moyo safi kabisa.

"Nililia mbele za watu," anasema Thuwaiba. "Mama yake alikufa, yule nikamlea kwa chupa. Naambiwa lete hereni, na hereni nimeikataa mwenyewe!"

Hapo akalikumbuka daftari. Kwa miaka sita alikuwa akiliandika kwa siri na kulificha kwenye debe la unga, Bi Kijakazi asilione. Alikwenda kulileta, likasomwa: "Asumini. Kazaliwa Ijumaa, mvua za vuli. Chuchu tano, ya tano ndogo, nyuma kushoto."

Ernesti aliinama mwenyewe, akapapasa.

"Mama, mchukue ng'ombe wako," alisema. "Wangu ana nne. Nisamehe."

Kabla ya kufika nyumbani, Thuwaiba alipitia kwa Sabiri kuungama. Aligombezwa mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze.

Sasa daftari linakaa wazi kwenye msumari ukutani; tangu limrudishe Asumini, Bi Kijakazi hulipita bila kugombeza. Ndani yake mna chanjo, siku za kuogesha, na nani kapandwa na dume gani. Kwa kulisoma aligundua kuwa dume lake lilikuwa likipanda hata ng'ombe liliowazaa lenyewe. Ndama watano walimfia kwa miaka mitatu. Mwaka huu, kwa kufuata tarehe za chanjo na kuogesha, hajafa hata mmoja, na Thuwaiba anapanga kuleta dume jipya la ukoo mwingine kutoka Maramba.

"Nataka mjukuu wa Asumini anipe lita saba," anasema. "Na nitajua ukoo wake wote."

Saa tatu pikipiki ya Sabiri inaingia uani, hatimaye na hereni za wale waliofichwa.

"Shikamoo, Bi Kijakazi. Wamebaki wangapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mie sihesabu."

Bikizee anainuka, anashika fimbo yake na kwenda kufungua zizi mwenyewe. Anawatoa mmoja mmoja kwa majina, na Thuwaiba anaandika.

"Asumini. Kilua. Mrehani. Langilangi."

Nyuma yao anatoka ndama wa Asumini, miguu bado inamtetemeka. Bi Kijakazi anamwekea mkono mgongoni.

"Na huyu wa tano," anasema. "Hana jina bado. Mvisheni hereni yake."