Kilichokuwamo katika Mkate wa Jirani

Nilimwahidi bibi yangu, nilipokuwa mtoto wa madrasa huko Tanga, kwamba siku nitakapojua kilichokuwamo katika mkate wa jirani yetu, nitamwambia bila kumficha. Alinitoza ahadi hiyo akiwa dirishani na kipande cha mkate mkononi, akikigeuzageuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti anayoishuku.

Ahadi ile, msomaji wangu, nilikuwa nimeisahau. Ilinirudia majuzi hapa Sydney, katika duka dogo la Kensington, si mbali na chuo ninakosomea sheria. Duka hilo huuza kueh, vitamu vya Waperanakani, uzao wa Wachina waliolowea Malaka na Singapuri zamani wakaoana na wenyeji. Kila Jumamosi foleni yake hufika barabarani. Mimi foleni huzishuku. Watu wengi huweza kukosea kwa pamoja. Tena juu ya mlango pameandikwa kwamba kila kinachouzwa ni cha asili, na neno hilo lilinitia mashaka kuliko foleni yenyewe. Nyuma ya kioo kulikuwa na vipande vya kijani kilichokolea mno, vingine vya buluu, na kimoja cha tabaka nyekundu na nyeupe, kiking'aa kama sabuni.

"Hii rangi imetoka wapi?" nilimuuliza mama muuzaji. "Na mafuta ya nguruwe yamo?"

Mwenzangu tunayepanga naye nyumba, Mkenya anayesomea uuguzi, alinipiga kiwiko. "Wee! Umekuja kununua ama kukagua? Kula bana, watu wanangoja."

Mama yule alijibu kwamba nguruwe hamna na kijani ni cha majani. Sikumwamini. Hata hivyo nilinunua kile cha tabaka, nikakimega pembeni, nikakibonyeza kwa ulimi kwenye kaakaa. Kilinesa. Kilivutika kidogo, kisha kikaachia ladha ya tui. Mneso ule niliujua.

Mwezi wa mfungo, mtaani petu Tanga, hakuna nyumba iliyofuturu peke yake. Jua likianza kupoa, sahani zilizofunikwa kwa kawa zilivuka njia kwenda na kurudi, na sahani ya mtu hairudishwi tupu. Mkate wa kumimina wa bibi yangu ulisifiwa na wote: mchele uliolowekwa usiku kucha, tui zito, iliki, makaa juu na makaa chini. Kisha akahamia jirani, mwanamke mpole asiye na ndugu pale, mumewe kibarua wa bandarini. Siku ya kwanza ya mfungo alileta mkate wake katika sahani nyeupe yenye maua mekundu. Wa bibi ulimeguka kwa urahisi. Wa jirani ulinesa, ukavutika, ukakataa kubomoka.

"Umetia nini humu, mwenzangu?" bibi alimuuliza kesho yake.

"Mchele na nazi tu, bi mkubwa," alijibu, akatazama chini.

Kule kutazama chini ndiko kulikoharibu mambo. Bibi alikuwa na msemo wake: "Asiye na siri hakagui vidole vya miguu yake." Tangu hapo kila sahani ilipokelewa kwa shukrani kubwa mlangoni, kisha ikachunguzwa ndani. Bibi aliinusa, aliibonyeza, alionja kidogo mno, nami nikapewa kipande kama shahidi wa pili. Kilichosalia walipewa kuku. Kuku walinenepa, na hilo pia lilimtia bibi wasiwasi. Mchana, kinu cha jirani kilipoanza kugonga uani, aliinua kichwa kutoka kwenye mbuzi ya nazi. "Sikiliza. Mchele ulioloweshwa haugongi kikavu hivyo. Yule ana jambo."

Sahani ya mwisho ililetwa siku ya kuamkia Idi. Baada ya sikukuu tukasikia wamehama. Sahani ikabaki kabatini kwetu.

Nilirudi kaunta, nikaruka foleni, nikazomewa. "Samahani, mama. Hiki kinanesa kwa sababu gani?"

"Wanga wa muhogo," alisema, kwa fahari kabisa. "Bila muhogo si kueh. Haya, mwanangu, wape wenzako nafasi."

Safari hii nilimwamini, na sikuipenda sababu ya kumwamini. Nilikumbuka mkeka wa uani kwa jirani, na vipande vya muhogo vikianikwa juani. Bibi aliviona kila siku, akadhani ni vya kuku. Muhogo ulikuwa chakula cha asiye na mchele. Ninavyoelewa leo, mwanamke yule aliutwanga akauchanganya na mchele wake mchache, ili sahani yake nayo ivuke njia kama za wenzake. Alificha umaskini, sisi tukatafuta uchawi.

Nilisita kumpigia bibi simu, maana kutimiza ahadi kulikuwa kufichua aibu ya mtu. Lakini bibi ni mzee sasa, nami nilikuwa nimeahidi.

"Muhogo?" alisema. "Nani kakwambia? Muuza duka? Ana ushahidi gani?" Nikamkumbusha kinu na mkeka. Kisha akasema, "Na kuku wakala."

Mtaa ule sasa una mageti, na futari kila mtu hula kwake. Kawa zimekuwa pambo la ukutani.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Ukimjua mwanamke mpole aliyewahi kukaa Tanga, ambaye mumewe alikuwa kibarua bandarini, na mkate wake wa kumimina ulinesa, mwambie sahani yake ya maua mekundu ipo salama kwa bibi yangu. Mwambie atupe habari ya alipo, tuirudishe. Haitarudi tupu.