Gitaa Lililomkawiza Ignas

"Nyuzi hizi zinanifanyia makusudi! Nikikaza huu, zile tano zinalegea. Nikizirudia zile tano, huu nao unalegea. Gitaa gani hili, lina kinyongo?"

"Halina kinyongo, Baba Limi, lina mwenyewe mbishi," Philomena alimjibu mumewe kutoka kwenye cherehani, akikohoa katikati ya maneno. "Wewe nipigie tu wimbo wangu. Keshokutwa napanda basi kwenda hospitali, Kolandoto. Mimi si mkaguzi."

Ignas akakataa. Ndivyo alivyokuwa: chai ikikosa iliki hainywi, kitanda kikipinda hakilalii. Miaka kumi na miwili alikuwa fundi msaidizi wa umeme kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, na mwaka 1958 Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao akamwachia gitaa la umeme. Akalileta nyumbani Nyahanga, akaliunganisha na redio ya betri, majirani wakajaa uani. Lile bati linaloshika nyuzi lilikuwa linachezacheza, halikukazwa mahali, na lilikuwa na mkono wa chuma. Ukiubonyeza, sauti inatetemeka kama mtu anayejizuia kulia. Kwa sauti hiyo Philomena aliutaka wimbo aliochumbiwa nao, ambao Ignas aliupiga enzi hizo kwa gitaa la debe.

Balaa lilianza nyuzi zilipokatika. Nyingine hazikupatikana hata Shinyanga mjini, basi Ignas akafumua waya wa breki ya baiskeli, akafunga. Waya mnene, nguvu za punda. Ukalivuta bati mpaka likainuka kama kifuniko cha sufuria inayochemka.

"Umetazama chini yake?" Philomena aliuliza. "Uzi wa juu wa cherehani ukivuta sana, mimi sishindi nikigombana na wa juu. Nafungua chini, nako nakaza."

"Hii si cherehani, Mama Limi. Ukirudi utalikuta tayari, nikupigie mpaka uchoke. Liwe deni."

"Haya, deni," akasema, akakata uzi kwa meno.

Hakurudi. Kifua kilimmaliza siku ya tisa. Binti yao Limi, aliyekwenda kumuuguza Mayu, yaani mama yake, alimwambia baba yake neno moja tu: "Mayu aliniuliza kama umeshamaliza kukaza." Tangu hapo akawa anaweka ugali mezani na kuondoka, bila kumwita.

Matanga yakiwa hayajaanuliwa, ngoma wala gitaa havipigwi nyumbani. Yalipoanuliwa na ndugu wakatawanyika, Ignas aliifunua cherehani ya mkewe. Chini yake uzi ulikuwa bado umetungwa. Akaugusa kidogo kwa kidole. Halafu akalifudikiza gitaa, akafungua skrubu za kifuniko cha nyuma.

Mle ndani springi tatu zilikuwa zinashindana na waya wa breki, na pembeni kulabu mbili, tupu. Miezi yote hiyo, tupu.

Alilia kwanza. Kisha akaenda kwa Champaklal, muuza baiskeli, akarudi na springi mbili za stendi. Akazitia kwenye kulabu, akakaza nusu mzunguko, akalinganisha sauti za nyuzi, akakaza tena, akalinganisha tena, mpaka bati likalala sawasawa na senti kumi ikapita chini yake bila kukwaruza. Nyuzi zinapopita kichwani mwa gitaa akapaka risasi ya penseli zisikwame. Akabonyeza mkono, akaachia. Kila uzi ukarudi mahali pake.

Kazi ya chini ya saa moja. Hiyo ndiyo aliyomnyima mkewe.

Akawasha redio, akapiga. Limi, aliyekuwa anasugua masufuria uani, akaja mlangoni. Ignas alipofika pale Philomena alipokuwa akiitikia, vidole vikamgoma. Uzi ukabaki unatetemeka peke yake. Ndipo Limi akaitikia kutoka mlangoni, sauti imekwaruza, na baba akafuata mpaka mwisho.

"Umechelewa," Limi akasema.

"Najua, mwanangu."

"Lakini Mayu hakuwa mtu wa kudai mara mbili. Deni limelipwa." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Zima redio, betri inakwisha. Njoo ule, Baba."