Breketi za Orrin Hazivunjiki

Kaka yangu Orrin Sizemore alizaliwa ngumi zimekunjwa, na mama yetu aliapa kwamba mtu wa kwanza kupigwa alikuwa mkunga. Alivunja pua ya mwalimu wake. Alivunja taya la mume wangu wa kwanza, na kwa hilo sijawahi kumlaumu, maana yule mtu alikuwa ameniburura kwa nywele kutoka jikoni mpaka barazani. Orrin alipomaliza naye alinawa damu kwenye ndoo ya kuku, akaniuliza kama maharage yameiva. Upendo wake wote ulipitia mikononi, na mikono yenyewe ilijua kazi moja tu.

Bahati yake, na yetu, akapata chuma cha kupiga. Karakana yake iko bondeni kwetu hapa Tennessee, pale barabara inapoanza kupanda mlima. Ni mlima huo huo ambao Jumamosi watu wasio na akili timamu hufunga barabara na kushindana kuupanda kwa magari, mmoja baada ya mwingine, nani atafika juu upesi. Gari wanalolipenda ni lile dogo la viti viwili la miaka ya sitini. Ni jepesi na linakata kona vizuri, ila nyuma lina ugonjwa. Mahali mkono wa gurudumu, yaani chuma kinacholishika gurudumu, unaposhikana na sakafu ya gari, bati ni jembamba. Bati likichoka linapasuka, na gurudumu linakwenda linakotaka lenyewe.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa breketi za Orrin, vishikizo vya chuma vya kuufunga mkono huo kwenye sakafu. Alikata chuma kinene kama kidole gumba, akakipasha moto, akakikunja kwa nyundo huku akikitukana. "Lala hapo, mwana haramu! Nimesema lala!" Kisha aliingia chini ya gari akakichomelea pande zote nne, asiache hata tundu la sindano. Lakini kabla ya kuchomelea, kila breketi ilibanwa kwenye meno ya jiliwa na mteja akapewa nyundo ya ratili kumi. Ukutani Orrin alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: MWENYE KUIVUNJA AICHUKUE BURE. Wanaume wazima walipiga mpaka wakatema mate meupe. Hakuna aliyeichukua bure.

Binti yangu Jolynn alikulia miguuni pake humo karakanani. Baba yake nimeshamtaja, yule wa taya. Mtoto alichukua sura yangu na hasira ya mjomba wake, na alipokuwa mkubwa akawa anapanda mlima ule kwa kasi kuliko wanaume wengi. Gari lake lilikuwa na breketi za Orrin. Nililala usingizi kwa sababu hiyo.

Kisha Coy Stidham akafa. Kijana wa bonde la pili, mcheshi, hajaoa. Kwenye kona ya juu gurudumu lake la nyuma lilichomoka, gari likabingirika katikati ya miti, na walipokata bati kumtoa mle ndani alikuwa amekwisha. Hata wiki haikupita, kaka yake, Harlan, akaja karakanani na mpini wa sururu.

"Orrin! Toka nje! Breketi yako imemuua mdogo wangu!"

Orrin alitoka akipangusa mikono kwa kitambaa. "Breketi yangu haivunjiki. Mdogo wako alikuwa hajui kuendesha, Mungu amrehemu."

Mimi mwenyewe nilifumba macho. Maneno kama hayo hayasemwi kwa mtu ambaye bado ana udongo wa kaburi kwenye viatu. Mpini ukamshukia Orrin begani, nikasikia mfupa. Hakurudi nyuma. Alimkamata Harlan shati, akampiga kichwa cha pua, akampiga tena, akauingiza mkono wa Harlan kwenye mlango wa gari na kuufunga mlango kwa teke. Yule mtu alipiga ukelele uliowaweka kuku wangu chini ya banda mpaka jioni. Nilimrukia kaka yangu mgongoni, nikamng'ata sikio, ndipo akaacha.

Harlan alikuwa chini, mkono umeelekea upande usio wake. Hakumtazama Orrin. Alinitazama mimi.

"Jumamosi nani anapanda, Verna? Si mwanao? Na yeye anazo hizo hizo."

Akatema jino, akaondoka akiyumba.

 Kesho yake nilikwenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu, nikafunua turubai, nikalala chali chini ya gari la Coy. Breketi ilikuwa nzima. Hata rangi haikubanduka. Ilikuwa bado imeukamata mkono wa gurudumu kama mkopeshaji, na kuizunguka pande zote nne sakafu ilikuwa imechanika, mstari ulionyooka, sambamba na alama ya moto wa Orrin. Breketi ilikuwa imetoka na kipande cha gari.

Mimi nashona blanketi za viraka tangu utotoni, na mchaniko ule naujua. Shona kiraka cha jinzi kwenye shuka kuukuu, kaza uzi upendavyo. Kiraka hakitararuka milele. Itararuka shuka, pembeni mwa uzi. Kaka yangu alikuwa akiipima breketi kwenye jiliwa miaka yote hiyo, gari hajalipima hata siku moja.

Nilimkuta mezani anakula mkate wa mahindi kwa mkono mmoja, bega limevimba. Nikamweleza.

"Wewe nenda kashone," akasema.

"Orrin, nimeona kwa macho yangu."

"Haivunjiki!" Akalirusha birika ukutani, kahawa ikachuruzika juu ya picha ya mama. "Miaka yote hii! Nani amewahi kuivunja? Nitajie mtu!"

"Ndiyo shida yake hiyo, pumbavu! Haivunjiki, basi kinavunjika kilicho jirani yake!"

Akanyanyua mkono. Hajawahi kunipiga maishani mwake, na siku ile nilidhani zamu yangu imefika. Aliushusha, akatoka, akaacha mlango wazi.

Jolynn naye hakunisikia. "Mama, wewe unaogopa tu. Mjomba angeniambia." Nilificha ufunguo wa gari, akauvumbua kwenye kopo la unga. Nilimtisha, nikalia, nikampiga kofi. Akaniambia nikimpiga tena atasahau kwamba mimi ni mama yake.

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa karakanani juu ya vigogo, gurudumu la nyuma limetolewa, Jolynn anaandaa tairi. Orrin akaingia na ile nyundo ya ratili kumi. Hakusalimia mtu. Akapiga magoti kando ya gari na kuushambulia mkono wa gurudumu, pale pale unapoingia kwenye breketi.

"Mjomba! Unafanya nini? Mjomba, hilo gari langu!"

Akapiga tena. Bega lake bovu lilimfanya agune kila pigo. Jolynn alimvuta kola, akasukumwa akaangukia mapipa. Aliinuka na bomba la chuma mkononi, akampiga nalo mgongoni kwa nguvu zake zote.

"Acha! Nitakuua, wallahi nitakuua!"

"Niue ukishaona!" Orrin akasema, na akapiga.

Mwanangu akampiga mbavuni. Nilisikia zikilia kama kuni kavu. Nilisimama mlangoni sikumzuia yeyote, na nasema wazi kwamba sikuwa nikimwonea huruma kaka yangu. Nilikuwa nikiiombea ile nyundo. Orrin alikuwa anakohoa damu, anainua, anashusha, na binti anampiga, na anashusha tena. Halafu pigo moja likatoa sauti nyingine, sauti laini kama kitambaa. Sakafu ya gari ikafunguka. Breketi ikaanguka mbele ya magoti yake, nzima, imeng'ang'ania kipande cha bati.

Jolynn akaangusha bomba. Aliinama akagusa ukingo wa mchaniko. Nusu yake ilikuwa inang'aa, mpya. Nusu nyingine ilikuwa nyekundu kwa kutu. Ufa huo ulikuwa wa zamani, umejificha chini ya lami na rangi, unangoja kona ya juu.

"Imevunjika?" Orrin akauliza. Jasho lilikuwa limemwingia machoni, alikuwa haoni.

"Breketi ni nzima, mjomba," Jolynn akasema, kisha akatapika.

Kaka yangu alikaa chini kwenye vumbi la chuma akalia kwa sauti. Nilishinda kwenye simu siku ile, nikiwapigia wote wenye breketi zake wasiwashe magari. Wengine walinitukana. Orrin alikataa kwenda hospitali mpaka kwanza nimpeleke kwa Harlan.

Harlan alikuwa barazani na kikombe cha kahawa, mkono mmoja kwenye plasta, uso bado wa zambarau. Orrin alipanda ngazi akiwa amekamata mbavu, akavua kofia, akaiweka ile breketi na kipande chake cha bati juu ya meza.

"Ulisema kweli. Hii ndiyo iliyomuua."

Harlan aliitazama. Halafu akanitazama mimi, niliyekuwa chini kwenye majani.

"Mwanao yuko hai?"

"Yuko hai, Harlan."

"Mdogo wangu hayupo."

Akaweka kikombe chini taratibu, asimwage, akasimama, akampiga Orrin usoni kwa mkono wake mzima. Orrin akaporomoka ngazi zote. Nikataka kumshika, akanisukuma. Alipanda tena, akasimama pale pale aliposimama mwanzo, akapigwa tena. Nilikuwa nikiitazama mikono yake. Ilining'inia tu ubavuni, vidole vimekunjuka.