Doa la kwenye pua

Wakati wa Zaire, tulipoitana Citoyen, yaani Mwananchi, nilikuwa karani katika ofisi moja ya Kisangani. Mashine yetu ya kuchapa ilianza kutia doa jeusi kwenye kila barua, palepale juu ya pua ya Rais, ambaye picha yake ilipamba karatasi zetu. Tukaita fundi.

« Doa inaangukaka wapi? » akauliza. « Nikijua fasi, nitajua kwenye iko buchafu. »

Ofisi nzima ikatazama dari. Nani angeitaja pua ile? Mwishowe mkurugenzi akagusa yake mwenyewe.

« Hapa. »

« Kwa pua yako, Citoyen? »

« Alors, ya nani ingine? »

Fundi akapangusa silinda, barua zikatoka safi. Kwenye ripoti akaandika: « Pua ya Citoyen Directeur ilikuwa chafu. Nimeisafisha. »

Sijapata kumwona mkubwa akitia sahihi kwa furaha namna ile.