Mafuta ya Kokoo

Maundu hakuwahi kuniamkia kabla ya kugusa ukuta. Angeingia dukani kwangu Kitengela, apite kando ya kaunta, aweke kiganja juu ya soketi ya redio, asikilizie kama ina joto, ndipo aseme, "Habari ya asubuhi, Mama Virginia." Mimi Nyakio nauza misumari, rangi, simiti na waya, na vituko vya mafundi nimevizoea. Lakini huyu alinichosha. Kukaa kitako hakujui. Chai yangu aliinywa akiwa amesimama mlangoni, nusu kikombe, kisha akaondoka na kuniachia kilichobaki juu ya gunia la simiti.

Alitoka upande wa Wote. Akiwa kijana alikwenda Magadi, akajifunza kazi ya stima kwenye nyumba za wafanyakazi chini ya msimamizi mmoja aitwaye Ouma. Joto la kule lilimshinda mkewe, na mwaka wa tisini na tatu wakahamia Kitengela, wakati ambapo kila mwenye kiwanja alikuwa anachimba msingi. Nyumba mpya zilimlisha yeye na watoto wake. Nyumba moja kuukuu ya Kajiado ndiyo iliyomnyima raha, na kwa kuwa na mimi nilikuwa na mkono katika jambo hilo, wacha niseme yote. Mficha uchi hazai.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Priscilla, muuguzi, mama wa Kimaasai ambaye tulijuana kwa sababu ya rangi. Kila akitaka kupaka kuta alikuja kununua kwangu. Marehemu mumewe aliinunua kutoka kwa mtu aliyeijenga miaka ya sabini, wakati shaba ilikuwa ghali na yeye akaona heri atandaze alumini. Maundu aliziita waya za sufuria, kwa kuwa madini ni yale yale. Waya ya sufuria ikiwa imekazwa vizuri haina neno. Shida iko kwenye maungio. Ikipata moto inatanuka, ikipoa inanywea, skrubu inalegea kidogo kidogo, kisha inaota utando mweupe unaoongeza joto. Ukiisokota pamoja na shaba ndiyo kabisa umejitafutia, maana madini hayo mawili hayapatani. Mwaka wa tisini na sita taa za Priscilla zilianza kupepesa, na soketi zikawa zinatoa harufu ya plastiki inayoungua. Akaniuliza fundi mzuri ni nani, nikamtuma Maundu.

Maundu si mjinga. Kabla ya kugusa chochote alikwenda posta akampigia Ouma simu Magadi. Laini ilikuwa inakoroma. Ouma akamwambia azime meini swichi, apime na testa hata kama amezima, akwangue waya mpaka ing'ae, apake mafuta, akaze. "Mafuta yenyewe ni..." Ouma akasema, na simu ikakatika. Maundu akapiga tena na tena bila kumpata. Akaja dukani akanisimulia, akaniuliza yanaweza kuwa mafuta gani.

Nilikuwa na wateja watatu mbele yangu na mmoja wao alikuwa ananigombeza. Nikamjibu Maundu bila kuinua macho, "Baba Ndanu, mafuta ni mafuta."

Maneno hayo nimeyajutia kuliko mengi niliyowahi kusema, na mimi nimesema mengi.

Kule Kajiado alimkuta kokoo wa nyumba ile, yaani nyanya yao, mama mkwe wa Priscilla. Alikuwa bibi aliyekubali kuhamia nyumba ya mawe kwa sharti moja tu, apewe chumba chenye mlango wake wa nje. Aliposikia fundi anatafuta mafuta, akaingia chumbani akatoka na kibuyu. Yalikuwa mafuta ya kondoo. Mafuta hayo alimnywesha kila mkaza mwanawe aliyejifungua, akampaka kila mtoto mwenye kifua, na hakuona kwa nini yashindwe na waya. Maundu akapaka maungio yote saba, akakaza, akavifunika visanduku vyenye maungio hayo kwa plasta ili ukuta uwe laini kama mwenye nyumba alivyotaka. Taa zikatulia. Kokoo akamtemea mate kidogo kiganjani, ndiyo baraka yao, na Maundu akarudi Kitengela akiwa mtu mwenye furaha.

Mwaka wa elfu mbili na tatu, Jumanne moja ya Julai, Ouma alipita dukani kwangu. Alikuwa amestaafu, anajenga Kware, na alitaka bawaba. Maundu naye alikuwa mlangoni na nusu kikombe chake. Walikumbatiana, wakacheka, wakaulizana habari za Magadi, na mwishowe Ouma akauliza kama ile nyumba ya alumini ilipona.

"Ilipona, mzee. Nilipaka mafuta vile uliniambia."

"Uliipata wapi? Hata Nairobi ilikuwa shida."

"Kokoo alinipatia. Ya kondoo."

Ouma alicheka mpaka akashika kaunta. Kisha akamtazama Maundu usoni, akaona kuwa hatanii, akaketi juu ya gunia. Akatueleza kuwa mafuta ya kazi ile ni ya kijivu, huja ndani ya tyubu, na yana unga wa madini ya kuzuia hewa isiguse alumini. Ya kondoo hayazuii kitu. Yanayeyuka, yanachacha, yanaila waya, na siku joto likizidi yanakaangika.

"Na maungio ulifunga na nini?"

"Plasta."

"Ulizika maungio, Maundu?" Ouma alisema polepole. "Hata maiti huzikwa na alama."

Nilitaka kukasirika na mtu lakini sikumwona wa kumkasirikia ila mimi. Maundu alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Alikuwa anahesabu vidole: kisanduku cha sebuleni, cha jikoni, viwili vya ukumbini. Vitatu vilivyobaki hakuvikumbuka kabisa, maana kuta zile zilikuwa zimepakwa rangi mara mbili tangu siku ile. Kesho yake asubuhi nilifunga duka, jambo ambalo silifanyi hata nikiwa na homa, tukaenda Kajiado pamoja. Ouma alitangulia Nairobi kutafuta vifaa.

Priscilla alitupokea vizuri mpaka aliposikia tumekuja kufanya nini. Jumamosi ile binti yake Resian alikuwa anaolewa. Uani watu walikuwa wanasimamisha hema.

"Mama Virginia, hii rangi si wewe umeniuzia juzi? Nimepaka Jumapili. Iko wageni mia mbili wanakuja. Kujeni wiki ijayo mtoboe vile mnataka."

"Basi uzime friza, mama, ndiyo inakula stima nyingi," Maundu akasema.

"Niko na nyama ya mbuzi sita ndani. Nizime aje?"

Tulipewa viti. Mimi nilikaa, yeye hakukaa. Alizunguka sebule akipapasa ukuta, akaingia ukumbini, akarudi, akaanza upya, na Priscilla akawa anamfuata kwa macho, nadhani akiogopea rangi yake. Niliwaza wageni, majagi ya umeme, pasi za wasimamizi wa bibi harusi, vyote vikichomekwa asubuhi moja kwenye waya zile.

Maundu alisimama ghafla akainama. Mstari mwembamba wa sisimizi ulikuwa unapanda kutoka sakafuni na kuingia kwenye ufa mdogo wa rangi, mahali ambapo hapakuwa na soketi wala swichi.

"Hao wamenishinda," Priscilla akasema. "Napiga dawa, wanarudi pale pale. Miaka saba. Na hakuna chakula hapo."

"Iko," Maundu akasema. Akatoa penseli sikioni akaweka alama.

Nikaelewa. Tukaanza kuwatafuta sisimizi nyumba nzima, mimi nikipiga magoti kwenye nguo yangu nzuri. Tulipata mstari jikoni, miwili ukumbini, mmoja bafuni, mmoja chumbani kwa Resian. Pamoja na ule wa sebuleni, alama sita. Ilibaki moja.

"Na kwa Kokoo?" Maundu akauliza.

"Kwa Kokoo hakuna," Priscilla akajibu, na alijibu kwa fahari. "Walikuwa wengi kushinda mahali pote. Lakini tangu mwezi wa tano wamehama wenyewe."

Maundu akawa kama hasikii. "Friza mlinunua lini?"

"Pasaka. Iko nyuma ya ukuta ya Kokoo, kwa stoo."

Maundu akaingia kwa Kokoo bila kubisha hodi. Kokoo alikuwa kitandani, amelala ubavu, mgongo wake umeegemea ukuta, shuka imefika kiunoni. "Takwenya, Kokoo," Maundu akamwamkia kwa Kimaasai. "Iko," Kokoo akaitikia salamu kwa lugha hiyo hiyo, bila kuinuka. Maundu akanyoosha mkono juu ya bega lake, akaweka kiganja ukutani, akauondoa upesi.

"Uache hiyo ukuta yangu," Kokoo akasema. "Ni mzuri. Mgongo inauma, lakini hapa iko na joto. Mchana na usiku. Namshukuru Mungu kwa hiyo ukuta."

Sasa ndipo nilipoogopa. Sisimizi walikuwa wameona mapema kuliko sisi sote wenye akili: mahali palipokuwa na mafuta palishakuwa jiko.

Maundu hakuomba ruhusa tena. Alikwenda moja kwa moja kwenye meini swichi akaizima, na friza ikakata mvumo wake. Priscilla akamjia amewaka hasira. Alisema fundi hana adabu, alisema nyama itaoza, alisema maneno mengine kwa Kimaasai ambayo sikuhitaji kutafsiriwa.

"Mama Resian, nigombeze mimi," nikamwambia. "Aliniuliza ni mafuta gani, nami nikamwambia mafuta ni mafuta. Sikuwa najua. Nilijibu tu ili aniondokee."

Priscilla akaingia chumbani kwa Kokoo, nami nikamfuata. Tukamwinua Kokoo, tukamkalisha kwenye kiti, naye akilalamika, na Maundu akapima na testa, akapima tena, kisha akaanza kugonga kwa patasi. Rangi mpya ilidondoka juu ya kitanda. Plasta ikafuata, na harufu ikajaa chumbani.

"Nani anachoma nyama?" Kokoo akauliza.

Kifuniko cha kisanduku kilikuwa kimeyeyuka. Waya zilikuwa zimevuliwa plastiki yake na moto, na kipande cha mbao kilichoshikilia kisanduku, ambacho kilipanda hadi kwenye dari, kilikuwa makaa matupu. Priscilla akakigusa kwa ukucha. Kikameguka, kikaanguka kwenye mto wa Kokoo. Bibi yule alikitazama, akasema neno moja tu, "Enkima." Moto.

"Toboa zote," Priscilla akasema.

Nyama tuligawia friji za majirani. Ouma alifika na basi la jioni akiwa na tyubu ya mafuta ya kijivu na mirija midogo ya kuungia, upande mmoja alumini, upande wa pili shaba, ili madini hayo yasigusane nje ya mrija wao. Alhamisi na Ijumaa walikwangua, wakapaka, wakabana kwa koleo maalumu, na kila kisanduku wakakiwekea kifuniko cha skrubu kinachoonekana wazi. Friza ilivutiwa waya yake mpya ya shaba. Ouma alimwambia Priscilla bila kumficha kwamba hiyo ni dawa ya kutuliza, na kwamba baada ya harusi waya za sufuria zote zing'olewe. Naye akakubali. Resian aliolewa kwenye nyumba yenye vifuniko saba vyeupe ukutani, na mashangazi wa bwana harusi wakauliza ni mapambo ya aina gani.

Siku ya harusi mimi na Maundu tulialikwa. Nilimbebea bibi harusi blanketi nzito. Watu walipokuwa wanakula, Kokoo akamtuma mtu amwite fundi chumbani, nami nikafuata nikidhani kuna harufu tena.

"Fundi," Kokoo akasema akiwa amekunja uso, "umeua ukuta yangu. Iko baridi."

Maundu akaweka kiganja chake. Alikiacha pale muda mrefu, akakihamisha juu, akakihamisha chini.

"Ni kweli, Kokoo," akasema. "Iko baridi sana."

Bibi akanung'unika kwamba sasa atalalaje na mgongo wake, nikafungua zawadi ya Resian nikamfunika nayo mabegani. Chai ikaletwa. Maundu akavuta kiti, akakaa, akaegemea ukuta ule, akainywa yote mpaka majani ya chini, kisha akaomba kikombe kingine.