Mkate wa Moto kutoka Changamwe

Wasema mgonjwa haulizwi uji. Mimi babangu nilimuuliza, akanijibu kuwa hataki uji, ataka mkate wa Mfaransa, tena wa moto. Kifua kilikuwa kimembana kwa unga alioukanda miaka mingi katika bekari ya huyo Mfaransa kule Changamwe. Nasi Likoni miaka yote tuliujua mkate ule ukiwa mkavu kama ukuni, kwa kuwa mfanyikazi alipewa mabaki ya jana. Mama aliuchovya katika chai, tukala.

“Ukitoka tanurini, ganda lake huimba,” baba alikuwa akituambia. Basi nikaapa: wallahi, atausikia ukiimba nyumbani kwake.

Alfajiri nilivuka feri, nikapanda basi mjini, tukapita Makupa. Changamwe harufu ya mkate ilinipokea kabla sijauona mlango. Harufu ile, jamani! Hata mimi mwenye hasira zangu nilicheka peke yangu njiani.

Siku zile kila mtu alisema Uhuru u karibu, nami nikaingia kwa mlango wa mbele. Mke wa Mfaransa alikuwa akimhudumia Mzungu mmoja. Mkate aliuzungushia kipande cha karatasi katikati tu, ncha zote mbili wazi. Nikasema moyoni, ubahili huu!

“Nyuma,” akaniambia, bila kunitazama.

“Nataka wa moto. Nitalipa sawa na huyu.”

“Nyuma!”

Nikazunguka, huku nikimlaani kimoyomoyo. Kwenye dirisha la nyuma alisimama mzee Katana, aliyekanda unga pamoja na baba.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Baba'ko yuaendeleaje?”

“Hali yake si nzuri. Ataka mkate wa moto.”

“Dirisha hili halitoi wa moto. Wataka nifutwe kazi?” Akageuka kutazama ndani, kisha akanipenyezea mmoja. “Haya, nenda. Usisimame hapa.”

Uliniunguza viganja, na kweli uliimba, ganda likitatarika! Nikaufunga kwa leso, nikakunja na kukunja tena, kama tufungavyo mikate yetu isipoe, nikauficha kifuani ndani ya buibui.

Kwenye feri tuliambiwa sisi wa miguu tungoje, motokaa za wakubwa zipite kwanza. Nilingoja nimeukumbatia. Joto lake lilikuwa lingali kifuani mwangu, nikamshukuru Mungu.

Nilipofika Likoni, mama alimwinua baba akamwegemeza kwenye mto wa kitanda. Nikafungua leso, mvuke ukatoka.

“Ni wa moto, baba!”

Akatabasamu, akausogeza sikioni, akauminya. Kimya. Ganda lilikuwa limelegea kama andazi lililolala.

“Umeufunga kwa nguo,” akasema.

“Usipoe, baba.”

“Huu haufungwi, mwanangu. Jasho lake lenyewe huliua ganda.”

Nikaangua kilio, kilio cha hasira. “Mbona hukutwambia?”

“Ningewaambia lini? Wa moto haujapata kufika nyumba hii.”

Akamwomba mama chai, akauchovya kama siku zote.

Uhuru ulikuja, baba hakuuwahi. Siku hizi mlango wa mbele naingia, na mkate napewa wa moto. Najua sasa kuubeba: ncha wazi, upepo uupige. Najua vizuri sana, na wa kumpelekea sina.