Mbuzi ya Mama na Toge ya Faustin

Wanafunzi wa zamani wa faculté de droit, masomo ya sheria, kule Goma wanatengeneza kitabu kidogo, ya kuonyesha namna wenzao wamefanikiwa. Kwetu Burungu walituma karatasi yenye maulizo: Maître Faustin alipita wapi, alipata nini, ushindi gani familia inajivunia? Waliniletea mimi, yaya yake, dada yake mukubwa Adelaïde, juu Mama hajui kusoma. Haya, tuandike. Lakini kwanza mutanisikiliza.

Diplôme d'État, ile ya kumaliza secondaire, aliipata ku mara ya kwanza. Watu walimumwangia poudre ya kushangilia mupaka akakuwa mweupe wote, na Mama alicheza mu barabara hata kitambaa yake ikaanguka mu matope. Mimi nilikuwa nimeachia shule ku darasa ya sita ya primaire ili yeye aendelee. Hakuna mwenye aliniuliza kama nataka. Maharagwe ya shamba ya Mama, ile yenye kushuka mupaka ku mutoni, njo ilimusomesha, na mugongo wangu njo ilibeba magunia mupaka ku soko ya Kitchanga. Ile nayo iandikwe mu kitabu yao.

Kiisha licence en droit, ile diplôme ya université ya sheria, na distinction. Alirudi nyumbani akivaa viatu vya kung'aa, akamukuta Mama anafunga mbuzi kamba.

Kwetu shamba haina papier, hati ya serikali. Kila mwaka, maharagwe ikiisha kuvunwa, unapelekea chef wa kijiji mbuzi pamoja na bidon ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Tunaita mutulo. Majirani wanakunywa palepale, na kila mutu anajua shamba iko ya nani. Ukikosa miaka tatu, chef anaweza kumupa mutu mwingine.

Faustin alifungua ile kamba yeye mwenyewe.

"Mama, acha. Udongo iko ya État, ya serikali, sheria inasema vile tangu 1973. Ule chef anakula mbuzi yako bure. Mimi nitakutafutia certificat ya shamba ku Goma."

"Na majirani, watasema nini?" Mama akauliza.

"Majirani si tribunal, Mama."

Mimi nikaingilia. "Faustin, wacha apeleke tu. Siku papier itafika, njo ataacha."

Akanigeukia. "Yaya, wewe mu masomo ulifika wapi?"

Eh! Mbele ya Mama! Mupaka leo najichukia juu nilinyamaza. Mama akarudisha mbuzi mu zizi, akasema: "Nilimusomesha juu ya nini, kama simusikilizi?"

Mwaka ile chef, Papa Sébastien, alikuja yeye mwenyewe ku mulango. "Mama Joséphine-Marie, uko mugonjwa? Hatukukuona." Mama hakupata hata nafasi ya kufungua kinywa. Faustin alimujibu na ma-article ya sheria, moja nyuma ya ingine, kwa Kifaransa, mutu mukubwa vile! Papa Sébastien alichukua fimbo yake akaenda. Mavuno ya pili, hakuna mbuzi. Ya tatu, hakuna. Na dossier ya certificat ililala mu bureau kule Goma. Kila mara Faustin akipiga simu, kesho, kesho.

Halafu ikafika serment, kiapo ya kuwa avocat. Tulienda wote Goma. Aliinua mukono, akavaa toge nyeusi, ile kanzu ya ma-avocat, poudre tena, picha tena. Mama alilia kwa furaha, na mimi nililia pia, siwezi kudanganya. Tuliporudi, tulikuta miti imepandwa kuzunguka shamba yetu. Chef alikuwa amemupa Jean-Claude, mwenye ng'ombe mingi.

Faustin alicheka. Kweli, alicheka! Alisema hii itakuwa kesi yake ya kwanza na itaisha mu siku moja.

Iliisha mu siku moja. Mu tribunal alivaa toge, akasema udongo iko ya État, chef hana haki ya kuigawa. Juge akamuuliza: "Basi, Maître, État ilimupa mama yako papier gani?" Hakukuwa papier. "Tuseme desturi. Nani anajua kama shamba iko yake?" Majirani wakaitwa, mumoja mumoja. Dancille, mwenye tulikula naye tangu utoto, aliangalia chini, akasema: "Zamani ilikuwa yake. Lakini hii miaka tatu hatujakunywa kasiksi yake." Hakusema uongo hata kidogo. Mama alikuwa amekaa nyuma, amejifunga pagne yake ya sherehe.

Faustin alihamia upande wa Walikale. Juu ya aibu, watu walisema. Na kule Kashebere njo alipata jina. Mama mujane mumoja, Solange, walitaka kumunyanganya pori la marehemu bwana yake. Munajua ndugu yangu alimutetea na nini? Alileta mashahidi kumi na wawili, wakasema kila mwaka Mama Solange alipelekea chef mukono wa nyama na pombe, na wao walikunywa. Tena akasema mbele ya juge: "Desturi ya watu njo papier yao." Akashinda! Wakamubeba ku mabega, radio ikamutaja, na ushindi ule njo karatasi ya Goma inatafuta.

Niliposikia ile maneno ku radio, nilitupa jembe chini nikatukana. Tulikuwa tunalima kibarua, mimi na Mama, mu ile ile shamba, kwa Jean-Claude. Mama aliendelea kupalilia. "Umesikia?" akaniambia. "Ameshinda."

Sasa karatasi iko ku magoti yangu. Nimeandika diplôme, licence, serment, Kashebere. Chini kumebakia mistari mitatu, na nilianza kuandika ya mbuzi. Mama akaniuliza ninaandika nini kwa nguvu vile, nikamusomea.

Akakamata mukono wangu.

"Futa, Adelaïde. Wenzake watasoma. Mutoto wangu atasikia aibu."

"Na wewe, Mama? Shamba yako?"

"Futa."

Nimefuta. Ile mistari mitatu iko mutupu, na kesho asubuhi tunarudi kwa Jean-Claude, maharagwe imeiva.